Ukungu wa Ziwa Nyasa na Historia ya Kuruka Bila Kuona

Asubuhi ya tarehe 10 Juni 2024, ndege ya Jeshi la Ulinzi la Malawi aina ya Dornier 228 iliondoka Lilongwe kuelekea Mzuzu, mji ulio kaskazini mwa nchi hiyo, upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa. Ndani yake walikuwamo watu 9, akiwamo Makamu wa Rais Saulos Chilima na Patricia Shanil Dzimbiri, aliyewahi kuwa mke wa Rais. Walikuwa wakienda mazishini. Safari hiyo huchukua chini ya saa moja. Ndege ilipokaribia Mzuzu, uwanja haukuonekana kwa sababu ya uoni hafifu, na waongoza ndege wakaielekeza irudi Lilongwe. Haikufika. Siku ya pili mabaki yake yalipatikana katika msitu wa Chikangawa, kwenye vilima vya Viphya. Hakuna aliyenusurika.

Katika siku zilizofuata, maneno yaliyorudiwa zaidi yalikuwa manne: hali mbaya ya hewa. Maneno hayo hayakuwa ya uongo, lakini yana tabia moja ambayo mwanahistoria hana budi kuitilia shaka. Yakishatamkwa hufunga mjadala. Hali ya hewa haishtakiwi, haijiuzulu, wala haiitwi mbele ya kamati ya Bunge.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ukungu ni kazi ya maumbile, lakini kutouelewa, kutoupima na kutojiandaa nao ni kazi ya wanadamu, na kazi hiyo ina historia. Nitaifuata historia hiyo kutoka Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa sababu mbili. Kwanza, ni vigumu kupata mahali pengine katika Tanzania ambapo aina nyingi za ukungu zinapakana ndani ya kilomita chache kama hapa. Pili, watu wa mwambao huu wamekuwa wakiutazama ukungu kwa vizazi vingi, ilhali huduma ya ndege wanayoitegemea haikuujengea majibu hadi hivi karibuni.

Jina lenye maana mbili

Tuanze na neno. Katika lugha ya Kichewa, inayozungumzwa kusini zaidi kwenye ziwa hilihili, ukungu huitwa nkhungu, na neno hilo ni ndugu wa karibu wa neno letu la Kiswahili. Lakini kwenye Ziwa Nyasa jina hilohilo hutumika pia kwa kitu kingine: wadudu wadogo wa ziwani, jamii ya usubi wasiouma, ambao hupanda kutoka majini kwa mamilioni na kusimama angani kama nguzo za moshi. Mvuvi wa Matema au Itungi akiziona kwa mbali hana haja ya kuuliza ni nini. Wadudu hao wakisukumwa nchi kavu na upepo hukusanywa, husagwa pamoja na kutengenezwa kuwa vibonge vya kitoweo.

David Livingstone na wenzake walikutana na mawingu hayo walipopanda ziwa mwaka 1861. Katika kitabu cha safari hiyo kilichotoka mwaka 1865 wanaeleza jinsi walivyodhani wanaona moshi wa nyasi zinazoungua, hadi walipopita katikati yake na kugundua kuwa ni wadudu. Waliandika pia kwamba wenyeji waliwaita kwa jina lenye maana ya ukungu, na kwamba walionja kitoweo chenyewe.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu ya somo lililomo ndani yake. Mgeni aliona pazia moja tu mbele ya macho yake. Mwenyeji alijua kuwa mapazia ni mengi, na kwamba kila moja lina asili, saa na tabia yake. Tofauti hiyo ya maarifa ndiyo inayotenganisha rubani anayefika salama na yule asiyefika.

Ukungu si mmoja

Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, ukungu ni hali ambapo matone madogo sana ya maji yaliyoelea hewani hupunguza umbali wa kuona hadi chini ya mita 1,000. Umbali ukiwa kati ya mita 1,000 na 5,000, hali hiyo huhesabiwa kuwa ni utusitusi wa unyevu tu. Ukungu na wingu ni kitu kimoja kwa umbo, na kinachovitofautisha ni mahali. Wingu likikaa juu ya ardhi huwa ukungu, na ukungu ukiinuka huwa wingu.

Matone hayo hutokea hewa inapopoa hadi kushindwa kuubeba mvuke wake wote, au inapoongezewa mvuke kupita uwezo wake. Njia za kufikia hali hiyo ndizo zinazotupa aina za ukungu.

Aina ya kwanza huzaliwa na ardhi inayopoa. Usiku ukiwa mweupe, bila mawingu na bila upepo mkali, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pamoja nayo. Kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hutiririka kutoka miteremkoni na kutuama mabondeni kama maji. Ukungu wa namna hii huanza baada ya usiku wa manane, huwa mzito zaidi karibu na mapambazuko, na kwa kawaida hutawanyika jua likishapanda. Ndio ukungu wa mabonde ya Mbeya na Usangu katika miezi ya baridi.

Aina ya pili huletwa na mlima. Kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusi ambao watu wa ziwani huuita mwera huvuma kutoka kusini juu ya maji ya Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa hili upo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu hubaki na uvuguvugu mwaka mzima. Hewa iliyopita juu yake hufika Kyela imejaa mvuke. Mbele yake kuna Milima ya Livingstone upande wa mashariki, na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, upande wa kaskazini. Hewa haina njia ila kupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa.

Hesabu yake ni rahisi, nami huwapa wanafunzi wangu ili waone kuwa hakuna uchawi ndani yake. Chukua joto la hewa Kyela, toa joto ambalo hewa hiyo ingehitaji kufikia ili umande utokee, kisha zidisha tofauti kwa mita 125. Ikiwa joto ni nyuzi 27 na umande hutokea kwenye nyuzi 21, tofauti ni nyuzi 6, na wingu litaanza kwenye mita 750 juu ya Kyela, yaani takriban mita 1,250 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500. Kwa hiyo asubuhi moja, saa moja na upepo mmoja, wingu la mtu wa Kyela ndilo ukungu wa mtu wa Tukuyu. Aliye Kyela akiulizwa kwa simu atasema kwa ukweli mtupu kwamba kweupe, na rubani aliyeliamini jibu hilo kwa ajili ya milima atakuwa amedanganywa na ukweli.

Ndivyo ilivyo pia kwenye vilima vya Viphya. Hewa yenye unyevu inayosukumwa na kusi mwezi wa Juni hupanda, hupoa na kuufunika msitu, ilhali Lilongwe kunaweza kuwa na mwanga wa kutosha kabisa. Wamalawi wana jina la hali hiyo ya manyunyu na baridi. Huiita chiperoni, kwa jina la mlima ulio Msumbiji.

Aina ya tatu ni ukungu wa mvua. Mwambao wa Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, hasa mwezi wa Aprili, wakati mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inapofurika kwenye mashamba ya mpunga na kakao. Mvua ikinyesha kwa muda mrefu kupitia hewa iliyopoa, sehemu ya maji hugeuka mvuke na kuishibisha hewa hiyo. Mawingu hushuka chini sana, na ukungu huu haujali jua limepanda au la. Unaweza kukaa mchana kutwa.

Aina ya nne ni mvuke wa ziwani. Hewa baridi inayoteremka usiku kutoka milimani ikikutana na maji ya uvuguvugu, uso wa ziwa hufuka kama sufuria iliyotolewa jikoni. Ni ukungu mwepesi na mfupi. Humsumbua mvuvi mwenye karabai kuliko rubani.

Aina ya tano haiko kwetu kwa kiasi kikubwa, lakini ni vizuri kuijua kwa kulinganisha: hewa ya joto yenye unyevu inapopita juu ya maji baridi. Hiyo ndiyo inayoufunika mwambao wa Namibia, ambako mkondo baridi wa bahari hupita kando ya jangwa. Uvuguvugu wa Ziwa Nyasa umetuepusha nayo.

Kwa nini rubani haoni abiria anachokiona

Nimewahi kuketi ndani ya ndege iliyozunguka juu ya uwanja nisioutaja, ya shirika nisilolitaja, huku abiria wakinung'unika. Mmoja alisema kwa sauti kwamba uwanja unaonekana dirishani, hivyo rubani ana woga tu. Abiria huyo alikuwa amesema kweli kuhusu alichokiona, ila alikosea kuhusu maana yake.

Ukungu wa bondeni unaweza kuwa na unene wa mita 30 tu. Ukiutazama kutoka juu moja kwa moja, macho yako hupenya mita hizo 30 na kuiona njia ya kutua. Lakini ndege haitui kwa kuanguka wima. Hushuka kwa mteremko wa takriban nyuzi 3, na kwa mteremko huo mstari wa macho ya rubani hupita ndani ya ukungu uleule kwa karibu mita 570. Njia iliyoonekana vizuri kutoka juu hupotea ghafla katika sekunde za mwisho, wakati ambapo ndege iko chini na mwendo wake ni mdogo.

Ndiyo maana sheria za anga zinataja viwango. Kwa mfumo wa kutua kwa vyombo wa daraja la kwanza, rubani anaweza kushuka hadi mita 60 juu ya uwanja, mradi umbali wa kuona kwenye njia ya kutua usipungue mita 550. Hapo asipoona taa au alama za njia, ni lazima apae tena. Uwanja usio na mfumo huo humlazimu kukata shauri akiwa juu zaidi na kwa umbali mkubwa zaidi wa kuona. Kwa maneno mengine, ukungu uleule unaweza kuufunga uwanja mmoja na kuuacha mwingine wazi. Tofauti iko kwenye vifaa, na vifaa hutokana na bajeti.

Dunia imeshalipa gharama ya somo hili. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife katika Visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Uwanja huo uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 600, na kilichoufunika siku ile kilikuwa mawingu yanayopita juu ya ardhi, ndugu wa ukungu wa Tukuyu. Hakukuwa na rada ya kuonesha ndege zilizo ardhini. Mnara ulitegemea macho na redio. Karibu nasi, tarehe 18 Mei 1955, ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Mlima Kilimanjaro na watu 20 wakapoteza maisha. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi ilianguka kwenye milima ya Aberdare na kuwaua watu 10. Mlima uliofichwa na wingu ni adui wa kudumu wa usafiri wa anga wa Afrika Mashariki.

Ndege zilivyofika, na zilikopita

Marubani wa kwanza waliojaribu kuvuka Afrika kutoka Cairo hadi Cape Town mwaka 1920 walipitia Tabora na Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia. Alan Cobham alifuata mwelekeo huohuo katika safari yake ya mwaka 1925 na 1926. Walikwenda kwa kutazama chini: reli, mto, ziwa, mlima. Kwa urukaji wa namna hiyo, ukungu ulikuwa mwisho wa safari.

Mwezi Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kila wiki kutoka London hadi Cape Town, na miezi michache baadaye likaanza kubeba abiria. Kutoka Nairobi ndege zilipitia Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha Mpika katika Rhodesia ya Kaskazini. Hivyo Mbeya, mji mchanga uliokuwa ukikua kwa dhahabu ya Lupa, ukajikuta kwenye njia kuu ya anga ya dola ya Kiingereza. Mbeya iko nyuma ya Rungwe na Milima ya Uporoto ukitokea ziwani, na kwa hiyo sehemu kubwa ya unyevu wa Ziwa Nyasa hudondoka kabla ya kuufikia mji huo. Lakini ilikuwa na mtihani wake. Katika Afrika ndege za wakati ule zilipendelea kuondoka alfajiri, ili kukwepa misukosuko ya hewa ya mchana, na alfajiri ndiyo saa ya ukungu wa mabondeni. Aliyekimbia jua alikutana na umande.

Kabla ya hapo, mwaka 1929, serikali za kikoloni zilikuwa zimeunda idara ya pamoja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter. Usafiri wa ndege ukawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Hapa ndipo mwanahistoria wa dola anapaswa kusimama kidogo. Upimaji wa hali ya hewa haukuanza kwa swali la mkulima wa mpunga wa Ipinda wala la mvuvi wa Matema. Vituo vilifuata njia za ndege, reli, bandari, vituo vya utawala na mashamba ya mazao ya kuuza nje. Sisemi kwamba data hizo hazikutufaa. Nasema kwamba ramani ya maarifa ilichorwa kwa mahitaji ya wengine, na mapengo yake tuliyarithi pamoja na uhuru.

Ziwa lenyewe lilipata nafasi fupi. Kati ya mwaka 1949 na 1950, ndege za kutua majini za shirika la BOAC zilitua Cape Maclear, kwenye ncha ya kusini ya ziwa, katika safari zao za kwenda Afrika Kusini. Mwambao wa kaskazini haukuwa kituo. Mizigo na abiria wake waliendelea kutegemea meli.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la ndege la pamoja likafa, na idara ya pamoja ya hali ya hewa ikagawanyika. Tanzania ilianza upya na shirika lake la ndege na huduma yake ya hali ya hewa, katika muongo ambao nchi ilikuwa ikielekea vitani na kwenye uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Katika hali kama hiyo, kipimo kilichovunjika kwenye kituo cha mbali hakikuwa na mtetezi.

Rada, taa na vipaumbele

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE kwa pauni milioni 28. Kisa chake kinajulikana na wasomaji wengi wa ukurasa huu: mabishano ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe, ukosoaji wa wafadhili, na hatimaye hukumu ya Desemba 2010 jijini London, ambapo kampuni hiyo ilikiri kosa la utunzaji wa hesabu na kukubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zilielekezwa kwenye elimu. Tulipojadili kashfa hiyo, tulijadili rushwa, na tulifanya vema. Hatukuuliza vya kutosha swali la kijiografia. Rada iliyosimikwa Dar es Salaam isingeweza kuiona ndege inayoshuka kati ya milima ya Mbeya, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapo. Nchi ililipa bei ya anga lote na kupata kipande cha anga.

Jibu lilikuja baadaye. Mwaka 2017 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za kiraia, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Hatua hiyo inastahili sifa. Lakini lazima tuelewe rada hufanya nini. Rada humwezesha mwongoza ndege kuiona ndege. Haimwezeshi rubani kuiona ardhi. Kwa kazi hiyo ya pili zinahitajika taa na mfumo wa kutua kwa vyombo.

Na hapa ndipo historia ya uwanja wa Songwe inapotufundisha. Uwanja wa zamani wa Mbeya ulikuwa katikati ya mji, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ukiwa na njia fupi isiyofaa ndege kubwa. Desemba 2012 huduma zilihamia uwanja mpya wa Songwe, zaidi ya kilomita 20 magharibi mwa jiji, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,340, wenye njia ya zaidi ya kilomita 3. Msomaji asichanganye majina: mto Songwe wa hapo huelekea Ziwa Rukwa, na si ule wa mpakani unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa karibu na Kyela.

Kuhama kulitatua tatizo la urefu wa njia na kuukaribisha ukungu wa bondeni. Hilo si kosa kwa lenyewe. Viwanja vingi duniani viko mabondeni, kwa sababu ndiko kwenye ardhi tambarare. Tatizo ni kwamba uwanja wa kisasa ulifunguliwa bila taa za kuongozea ndege, na ukaendelea hivyo kwa miaka mingi. Ndege zilifika, zikazunguka, na zikarudi Dar es Salaam na abiria walewale. Swali la taa za Songwe likawa mgeni wa kudumu bungeni, likiulizwa na kujibiwa kwa ahadi, hadi taa zilipokuja kufungwa.

Gharama ya miaka hiyo ilikuwa ya watu. Kyela haina huduma ya ndege ya ratiba. Mtu wa Matema anayempeleka mgonjwa Muhimbili kwa ndege lazima apande kwa gari hadi Tukuyu, avuke Uporoto, apite Mbeya, ndipo afike Songwe. Amevuka ukungu wa mlimani kwa barabara ili akutane na ukungu wa bondeni uwanjani. Ndege ikirudi Dar es Salaam bila kutua, kuna mwenye nauli ya kubadilisha tarehe na kuna asiye nayo. Kwa ofisa wa serikali ni siku moja ya kikao iliyopotea. Kwa mgonjwa hesabu ni nyingine.

Kwa shirika la ndege pia ukungu ni fedha. Ndege ya jeti lazima ibebe mafuta ya kufika inakokwenda, ya kwenda uwanja wa akiba, na ya kuzunguka angani kwa dakika 30 zaidi. Uwanja usiotabirika huongeza uzito wa mafuta na kupunguza abiria na mizigo. Mkoa usio na taa hulipia giza lake katika bei ya tiketi.

Tunachopaswa kudai

Turudi kwenye msitu wa Chikangawa, kwa sababu kuna jambo ambalo bado sijalitaja. Taarifa ya awali ya wachunguzi wa ajali za ndege wa Ujerumani, nchi ambako Dornier hutengenezwa, ilieleza kuwa ndege ile haikuwa na kinasa mazungumzo wala kinasa data za safari. Ilieleza pia kuwa betri ya kifaa cha kutoa ishara ya dharura ilikuwa imekwisha muda wake mwaka 2004. Ukungu uliificha milima, lakini haukuiacha betri hiyo miaka 20 bila kubadilishwa. Ndege iliyobeba Makamu wa Rais ilitafutwa usiku kucha katika msitu na askari waliotembea kwa miguu. Kama dola haikuweza kujua alipo kiongozi wake wa pili, mwananchi wa kawaida atarajie nini?

Nasi tusijione tumesalimika. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Haukuwa ukungu, ilikuwa hali mbaya ya hewa ya aina nyingine. Watu 19 kati ya 43 walifariki, na waliofika kwanza kuwaokoa waliobaki walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Viwanja vyetu vya kando ya maziwa vinashiriki udhaifu mmoja: vimejengwa kwa kudhani kuwa asubuhi zote ni nyeupe.

Kwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma makala haya, yako mambo manne ambayo naona yanadaiwa bila kusubiri msiba. La kwanza, kila uwanja wa ndege wa umma uwe na takwimu za ukungu zilizo wazi kwa wananchi: hutokea miezi gani, saa ngapi, na hudumu kwa muda gani. Data hizo hukusanywa kwa ajili ya marubani. Hakuna sababu zibaki makabatini. Ratiba ya ndege inayopangwa saa ambayo ukungu hujulikana kuwapo ni uamuzi unaoweza kupingwa kwa hoja.

La pili, kabla ya kujenga au kuhamisha uwanja, uchunguzi wa ukungu utangulie, na taa na mfumo wa kutua viwe sehemu ya mradi tangu siku ya kwanza, si nyongeza ya miaka kumi baadaye. La tatu, vituo vya kupima hali ya hewa viongezwe kwenye ngazi mbalimbali za mwinuko, kutoka ufukwe wa Kyela hadi Tukuyu na Kitulo, kwa sababu kipimo cha chini peke yake hakimwambii rubani kilichoko mlimani. Hapa ushirikiano na Malawi hauepukiki. Tanzania na Malawi zimebishana kwa miaka mingi kama mpaka unapita katikati ya ziwa au ufukweni, lakini mwera hauulizi swali hilo. Unyevu unaopita juu ya maji yenye mgogoro unaangukia pande zote mbili.

La nne ni la utamaduni wa madaraka. Rubani anayekataa kuruka, au anayegeuza ndege, alindwe na sheria na aheshimiwe na abiria wake, hata abiria huyo akiwa mkubwa kiasi gani. Kwenye msafara wa viongozi wetu, kuchelewa huonekana kama aibu. Kwa kweli, mahali ambapo milima imefunikwa, kuchelewa ni kazi iliyofanywa vizuri.

Mvuvi wa Itungi akiona pazia mbele yake, huuliza kwanza ni pazia la nini: wadudu, mvuke, mvua au moshi. Kisha huamua kama ataingia au atasubiri. Mamlaka zinazotujengea viwanja na kutuuzia tiketi zina vyombo ambavyo mvuvi huyo hajawahi kuvishika, na zinapaswa kulijibu swali lake hadharani kabla ndege haijaondoka.